Ngozi ya sato kwenye kidonda cha moto: ya hospitali sawa, mbichi ya mwalo wa samaki hapana

Mkuu, umeuliza kama mtoto aliyemwagikiwa uji anaweza kufungwa kwa ngozi ya sato uliyoiona kwenye video. Ngozi mbichi, hapana kabisa. Samaki wa maji baridi hubeba bakteria kama Aeromonas, na kidonda cha moto hakina kinga. Kama ndiyo kwanza kaungua, mwagie maji ya bomba dakika 20, mfunike shuka safi, mpeleke hospitali. Dawa ya meno na ute wa yai viacheni.

Video ile ni kazi ya madaktari wa Fortaleza, Brazil. Samaki ni yuleyule sato wetu wa Nile, anafugwa huko. Ngozi huparwa magamba na nyama, ikaoshwa kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), ikalowekwa kwenye gliserini inayoongezwa ukali hatua kwa hatua, kisha ikapigwa mionzi ya gama kuua vijidudu. Siku ya kutumika husuuzwa mara 3 kwa maji ya chumvi ya hospitali, dakika 5 kila mara.

Penye kazi ni kusafisha kidonda. Malengelenge na ngozi iliyokufa vikibaki chini, ya samaki haishiki, na usaha unapata pa kujificha. Ikibandikwa ivuke ukingo wa kidonda walau sentimita 1, hewa na majimaji yasukumwe yatoke, ndipo shashi na bendeji zifuate. Baada ya siku 2 hivi hukaguliwa. Iliyoshika haiguswi, inakauka na kuwa ngumu huku ngozi mpya ikiota chini yake, kama siku 10, halafu hulainishwa kwa vaselini ikabanduka. Iliyoelea juu ya maji hutolewa. Homa, harufu au maumivu yanayozidi: toa yote.

Faida kubwa ni hiyo ya kutoguswa. Krimu ya silva (silver sulfadiazine), dawa ya kupaka vidonda vya moto, hutaka kidonda kifunguliwe kila siku au kila baada ya siku moja, na hapo ndipo watoto wanapopiga mayowe.

Ila inafaa kidonda kibichi, chekundu, kinachouma, ambacho ukikibonyeza kinapauka kisha rangi inarudi. Kilichokuwa cheupe au kikavu kama ngozi ya kiatu, na hakiumi, kimeenda chini sana; huyo anahitaji kupandikizwa ngozi yake mwenyewe. Ya samaki, ya nguruwe, hata utando wa kondo la nyuma, hapo vinaziba kwa muda tu. Na kama hospitali yenu haina hivyo vyote, kwa kidonda cha juujuu shashi ya vaselini iliyofungwa vizuri bado ni tiba halali.