Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Msaada Hupotelea Wapi?

Swali: Kijijini kwetu kila unapokuja msaada, orodha inaandikiwa nyumbani kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Wenye maduka wamo, wajane wawili wapangaji hawamo. Tufanyeje? (Msomaji, Wakiso, Uganda)

Jibu: Wizi mwingi huanzia kwenye orodha, gunia likiwa bado halijafunguliwa. Huingizwa marehemu, wapangaji waliohama, na watoto wa bweni wanaohesabiwa mara mbili. Kwa mfano, mwaka 2018 serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walipohakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho, idadi ilishuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1 hivi.

Daini mkutano wa kijiji, orodha isomwe kwa sauti, kisha ibandikwe kabla ya siku ya ugawaji. Ikibandikwa baadaye haimsaidii mtu. Kila mstari uonyeshe mkuu wa kaya na idadi ya watu wanaolala hapo. Wapangaji husahaulika kwa kuwa mwenye nyumba huandikwa kwa niaba ya kiwanja kizima, kwa hiyo hesabuni milango. Mkikataliwa, andikeni barua nakala mbili mpeleke LC3 (baraza la kata ndogo), na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ila msiwahukumu wenye maduka haraka. Duka lililofungwa miezi miwili halilishi mtu. Kubalianeni kwanza vigezo, majina yafuate.

Swali: Jirani yangu ana watoto wanne kama mimi, lakini mwezi uliopita alipewa zaidi. Tena kopo la kupimia limebonyea. Tunaibiwa? (Mama wa watoto wanne, makazi ya wakimbizi ya Kyangwali)

Jibu: Hayo ni mambo mawili, mama. Tangu Julai 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iliwagawa wakimbizi katika makundi matatu: wahitaji zaidi hupata kiwango kikubwa, wa kati kidogo, na wanaohesabiwa kuwa wanajitegemea hawapati. Mwaka 2025 fedha zilipopungua, viwango vilikatwa tena na watu wapatao milioni moja wakaachwa. Kwa hiyo jirani kupata zaidi si lazima uwe wizi. Uliza kwenye dawati la malalamiko uko kundi gani. Kama umewekwa kusikokufaa, omba kupangwa upya, ukitaja mlemavu au mgonjwa wa kudumu aliyemo nyumbani.

Kopo ni suala jingine. Kopo la kilo moja likipunguza gramu 50 tu, katika magunia 100 ya kilo 50 zinabaki kilo 250, yaani magunia matano yasiyo na mwenyewe. Na mtu wa mwisho kwenye foleni ndiye huambiwa chakula kimeisha. Kamati ya wapokeaji ipime kopo hilo asubuhi, likiwa limesawazishwa juu kwa kijiti, kisha ipime upya mizigo ya familia kadhaa zinapotoka. Mzani wa kuning'iniza urudishwe sifuri na mfuko mtupu ukiwa umetundikwa, na mzigo usiguse chini. Lalamika kabla hujaondoka uwanjani, maana ukishafika nyumbani hakuna atakayekubali kwamba hukupunguza mwenyewe.

Swali: Niliona magunia ya msaada yakishushwa usiku kwenye ghala la mfanyabiashara. Nikisema, nitalindwa? (Jina limehifadhiwa)

Jibu: Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya mwaka 2010 inakulinda ukisema kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika: IGG (mkaguzi mkuu wa serikali), polisi, au ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani). Afisa anayefichua jina lako anatenda kosa. Fedha zikirejeshwa, sheria inakupa asilimia 5 ya kilichopatikana. Usiitangaze kwanza WhatsApp, ulinzi huo hauifuati.

Andika tarehe, saa, namba ya gari, idadi ya magunia na alama zilizochapishwa juu yake. Usiingie ghalani. Kisha mtu mwingine, si wewe, aombe kwa CAO (ofisa mtendaji mkuu) wa wilaya hati ya kupokelea mzigo, kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2005. Ofisi ina siku 21 kujibu. Hati hiyo ikilinganishwa na karatasi za saini za waliopokea, tofauti hutokea yenyewe.