Maswali ya Magari: Filta ya Mafuta Nyumbani

Swali: Nina Vitz ya 2006. Nimetafuta filta ya mafuta kwenye injini nzima siioni, na fundi mmoja ananiambia gari hili halina filta. Ni kweli? — Msomaji, Likoni

Jibu: Inayo. Imo ndani ya tangi, pamoja na pampu, chini ya kiti cha nyuma. Hili nimelijibu mara ngapi sasa? Na huyo fundi aliyekwambia haina, usimpe gari tena hata kwa kubadilisha taa. Kuitoa si kazi ya uani: unafungua tangi lenyewe, petroli iko wazi, na mpira wa mfuniko usipokaa sawasawa utakaa na harufu ndani ya gari hadi ulichukie. Mpelekee mwenye kuijua kazi hiyo, na ununue mpira mpya, usirudishe wa zamani uliokwisha kuvimba.

Swali: Mimi nina Corolla ya zamani, filta naiona waziwazi chini ya boneti. Naweza kuibadilisha mwenyewe? Nina nafasi jioni tu, baada ya magharibi. — Bamburi

Jibu: Kubadilisha unaweza. Baada ya magharibi, sahau. Utahitaji taa, na taa ya globu ikidondokewa na petroli hupasuka, na hapo ndipo watu huanza kukimbia. Ngoja Jumapili asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha na imepoa kabisa, gari likiwa nje penye upepo.

Paipu hiyo ina shinikizo hata gari likiwa limezimwa. Katika gari la nozeli, yaani linalonyunyizia petroli kwenye injini, ni kama bar 3, zaidi ya lililomo kwenye tairi lako. Ukifungua hivihivi, petroli itakurukia machoni. Kwa hiyo fungua kwanza kifuniko cha tangi, chomoa fyuzi ya pampu, washa gari uliache lijizimie lenyewe, kisha piga starta tena sekunde chache. Halafu toa waya hasi wa betri. Weka kitambaa chini ya maungio, maana kidogo kitatoka tu. Tumia spana mbili, moja ikishika filta na nyingine ikizungusha nati. Ukitumia moja utaikunja paipu, na paipu yenyewe ni ghali kuliko filta. Ikiwa ina bolti yenye washa za shaba, weka washa mpya pande zote mbili. Ukimaliza, rudisha fyuzi na betri, fungua swichi bila kuwasha, funga, fungua tena, mara tatu. Pampu itajaza paipu. Pitisha macho na kidole kila kiungo. Kukiwa pakavu, washa.

Na jiko liwe wapi? Hukuuliza, nakwambia. Nilipokuwa najifunza kazi hii, karakana moja hapa Kisiwani Mombasa, mama muuza mihogo alikuwa na jiko lake la makaa hatua sita hivi kutoka kwenye gari. Tukafungua paipu, ikamwagika petroli isiyojaza kikombe. Hakuna aliyewasha kibiriti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, basi ulitambaa sakafuni hadi jikoni, na moto ukarudi nao kwa njia ileile hadi chini ya gari. Kijana mmoja akaja mbio na ndoo ya maji, tukamzuia kwa nguvu: petroli huelea, maji yangeutembeza moto hadi barabarani. Mchanga ndio uliotuokoa. Nyusi zangu zilichukua muda kuota. Kwa hiyo mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe karibu, sigara iwe mbali, na watoto waende kwa bibi yao.

Swali: Naweza kuosha filta kwa petroli au kuipuliza kwa kompresa ili itumike tena? — Changamwe

Jibu: Hapana. Na usiniandikie tena mwezi ujao kuuliza kama unaweza kuipuliza kwa mdomo.

Swali: Mshale ulio kwenye filta uelekee wapi? — Jomvu

Jibu: Kwenye injini.

Swali: Nimebadilisha filta ya dizeli ya Hiace yangu, sasa haiwaki kabisa. Nimepiga starta mpaka betri imekufa. Filta ni mbovu? — Mtwapa

Jibu: Filta haina kosa, umeingiza hewa. Juu ya filta pana kipampu cha mkono. Kipige mpaka kiwe kigumu, ndipo upige starta, sekunde chache kisha upumzike. Starta nayo huungua. Kama injini yako ni ya kisasa, usilegeze paipu za nozeli kutoa hewa kama babu alivyokuwa akifanya. Mle shinikizo hupita bar 1,000, dizeli hupenya ngozi kama sindano, na jeraha likionekana dogo ndugu zako watakupeleka hospitali umechelewa. Na ile skrubu chini ya filta ni ya kutolea maji. Kwa unyevu wetu wa Pwani, na kwa anayetembea na tangi nusu tupu kila siku, ifungue mara kwa mara.

Swali: Pikapu yangu ya dizeli inakohoa na kukosa nguvu ikipanda kilima. Nimeshabadilisha filta mara mbili mwaka huu, bado. Niweke ya tatu? — Kisauni

Jibu: Uweke ya nini? Chukua ile ya pili, geuza upande unaoingilia mafuta, mwaga kilichomo kwenye chupa ya kioo na uiache saa moja. Maji yatakaa chini, kutu itaonekana kama majani ya chai. Ukiona hivyo, tatizo ni tangi au unakonunua. Ikiwa safi, basi filta haihusiki, angalia pampu na nozeli.

Ila jambo moja chupa haitakuonyesha: mafuta ya taa. Yakichanganywa na dizeli hayajitengi, na hakuna filta ya kuyazuia. Yanapita moja kwa moja na kuinyima pampu ulainisho wake. Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya mchezo huo wa kuchanganya, na bado nakutana na watu wanaonunua dizeli ya mtungi kando ya barabara kwa kuwa imepunguzwa shilingi kumi. Mji wenyewe ndio bandari, mafuta yetu ni nafuu kuliko ya Nairobi, na bado mtu anataka ya mtungi.

Swali: Petroli iliyobaki kwenye filta ya zamani niimwage wapi? — Tudor

Jibu: Si mtaroni, mtaro wako unaishia baharini na samaki ni huyohuyo utakayemla. Iweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko, umpelekee fundi aoshee vyuma.

Swali: Gari yangu haiwaki, nifanye nini?

Jibu: Gari gani?