Bali: Kwa Nini Ndege Husimama Siku Moja Kila Mwaka?

SWALI: Mhariri, salaam. Nilipokuwa nikitafuta tiketi ya kwenda Bali, kisiwa cha Indonesia, mwezi Machi, wakala aliniambia kuwa kuna siku ambayo hakuna ndege ya abiria inayotua wala kuruka kisiwani humo. Je, ni kweli? Na uwanja mkubwa kiasi hicho unafungwaje bila hasara?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa I Gusti Ngurah Rai, uliopewa jina la mwanajeshi aliyeuawa mwaka 1946 akipigana na Waholanzi, husimamisha safari kwa saa 24 kuanzia saa 12 asubuhi ya Nyepi, yaani mwaka mpya wa Wahindu wa Bali, ambao kwa kawaida huangukia mwezi Machi. Siku hiyo ni marufuku kuwasha moto au taa, kufanya kazi, kusafiri na kujiburudisha. Walinzi wa kimila, waitwao pecalang, huzunguka barabara zikiwa tupu na kumwonya yeyote ambaye taa yake inaonekana nje. Hata mtalii hatoki hotelini. Ndege yenye dharura, kama ya kubeba mgonjwa, huruhusiwa kutua.

Kuhusu hasara, nadhani inakuzwa mno. Tarehe ya Nyepi hujulikana mapema kwa kalenda ya Saka, inayofuatwa na Wahindu wa Bali, hivyo mashirika ya ndege hupanga ratiba zao kwa kuikwepa. Kinachoutesa uwanja huo ni kufungwa bila taarifa, na hapo mhusika ni volkano.

Majivu ya volkano ni chembe za mwamba na kioo ambazo, zikiingia ndani ya injini, huyeyuka kwa joto na kisha kuganda kwenye mapanga ya turbini hadi hewa ikakosa njia. Mwaka 1982 ndege ya British Airways ilizimikiwa na injini zote 4 ilipopita kwenye majivu ya mlima Galunggung, kisiwani Java, kabla ya rubani kufaulu kuziwasha tena na kutua Jakarta. Usiku ule rada ya hali ya hewa haikumsaidia, kwa kuwa rada hiyo husaka unyevu, na majivu ni makavu.

Ndiyo maana mwishoni mwa Novemba 2017, mlima Agung, volkano ya Bali yenyewe, ulipolipuka na upepo kuyasukuma majivu kuelekea kusini, uwanja ulifungwa kwa zaidi ya siku 2. Ngurah Rai una njia moja tu ya kurukia, na Bali haina uwanja mwingine wa kuupokea msongamano huo; waliokwama, hasa wenye haraka, walipanda basi hadi bandari ya Gilimanuk, wakavuka kwa feri hadi Java, kisha wakaendelea na safari ndefu ya barabara hadi jiji la Surabaya kutafuta ndege.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia tiketi, angalia Nyepi ya mwaka huo ni lini, na ukiweza fika mapema: jioni ya kuamkia siku hiyo vijana hupitisha mitaani masanamu makubwa ya mashetani, kwa kelele nyingi.