Uliyeuliza kama uhame Malindi kwa ajili ya kimbunga

Ndugu yangu, umeandika kwamba umehamia Malindi karibuni, joto halikupi usingizi, na umesikia kuna kimbunga baharini upande wa Tanzania. Unataka kujua kama ukimbilie bara. Usihame. Nimezaliwa hapa, marehemu baba alikuwa mvuvi na mimi nina mashua mpaka leo, basi nikujibu kwa niliyoyaona.

Joto hilo si dalili ya kimbunga. Ni tanga mbili, kipindi cha kati ya misimu miwili ya upepo: kaskazi, upepo wa kaskazini, imeishiwa nguvu na kusi, upepo wa kusini, haijashika. Upepo ukikata, nguo hazikauki vizuri na usiku shuka linakuganda mwilini. Kunywa maji mengi, na kama una mtoto mchanga au mzee nyumbani, usimtoe juani mchana. Kusi ikiingia utapumua.

Kimbunga nacho hulishwa na bahari yenye joto, kuanzia kama nyuzi 26 na nusu, ila joto peke yake halitoshi. Lazima kizunguke, na msukumo wa kukizungusha hutokana na dunia yenyewe kuzunguka. Karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu mno, na sisi tuko kama digrii 3 tu kusini yake. Ndiyo maana vimbunga hupiga kusini yetu: Idai iliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, Kenneth ikaingia Cabo Delgado, huko huko Msumbiji, mwezi uliofuata, na Hidaya ya Mei 2024 ikatua Mafia, kisiwa cha Tanzania. Kwetu kitovu cha kimbunga ni nadra sana kufika.

Lakini asikudanganye mtu kwamba basi hakuna neno. Wimbi husafiri mbali kuliko upepo uliolizaa. Unaweza kuamka mbingu nyeupe, mnazi hautikisiki, na bahari imechafuka. Mawimbi ya namna hiyo huja kwa nafasi: linapiga moja zito, kunatulia kiasi cha mtu kuamini yamekwisha, halafu linakuja jingine lililo kubwa zaidi. Kwenye kule kutulia ndiko watu huingia kuoga, au kijana husukuma mtumbwi akidhani atawahi kuvuka mwamba. Hapo ndipo tunapopoteza watu, na inaniuma kila mara kwa sababu tangazo huwa limeshatoka.

Kwa hiyo fuata taarifa za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, si sauti zinazosambazwa kwenye simu. Ikisema vyombo visitoke, sisi huburuta mashua juu ya magogo ya mnazi mpaka zipite ule mstari wa mwani ulioachwa na maji ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tunafunga kamba mbili, injini inakwenda nyumbani. Tazama na mwezi: mawimbi hayo yakikutana na bamvua, maji hupanda kuliko ulivyozoea, na aliyejenga ufuoni ahamishe vitu vyake mapema.

Hukusema unakaa mtaa gani. Kama ni upande wa mto Sabaki, uangalie mto kuliko bahari. Maji yake yanatoka bara, kwenye mto Athi, hivyo unaweza kufurika huku Malindi hakujanyesha hata tone. Tuambie unakaa wapi, na kama paa lako ni la makuti au mabati, wenzangu humu wakueleze namna ya kulifunga.