Waya wa rivasi: usiulize rangi, uliza mita

Wiki hii maswali mengi niliyopata yanahusu kamera za nyuma, na karibu yote yanaishia kwenye waya ule ule mmoja, wa taa ya rivasi. Nayajibu hapa kwa pamoja.

Shikamoo fundi. Nimenunua kamera ya rivasi Kariakoo, nataka kuifunga mwenyewe kwenye Toyota IST. Waya wa taa ya rivasi ni wa rangi gani? (Tabata)

Marahaba. Rangi sikutajii, na wala si uchoyo. Gari la jina moja likibadilika mwaka, nyaya nazo hubadilika. Tena gari lililokwisha kupita kwa mafundi watatu lina maungio ambayo kiwanda hakiyajui. Waya wa rivasi unajulikana kwa tabia: una umeme ukipiga rivasi, na hauna kitu kwenye gia nyingine zote.

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, na watoto wasicheze nyuma ya gari. Usiwashe injini. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kanyaga breki, peleka gia kwenye R, kisha ondoa mguu kwenye breki. Hilo la kuondoa mguu ndilo linalosahaulika. Gari la otomatiki halikubali kutoka P bila kukanyaga breki, sasa ukimwacha kijana wako ameikandamiza huku unapima, waya wa taa za breki nao utakuonyesha volti 12 na utaamini umefika.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Miaka ile naanza, nilimfungia mteja kamera, akanilipa, akaondoka anafurahi. Kesho yake asubuhi akapiga simu yuko kwenye foleni: "Fundi, mbona kila nikikanyaga breki naona sura ya dereva wa daladala?" Nilikuwa nimeunga kwenye waya wa taa za breki. Nilirudia kazi bure, na chai nikamnunulia mimi.

Sasa kupima. Fungua buti, bandua kifuniko cha plastiki nyuma ya taa hadi uione plagi. Iache ikiwa imechomekwa na balbu zote zikiwa mahali pake. Mita ya kupimia umeme weka kwenye DC, yaani umeme wa betri, alama ya 20. Ncha nyeusi ishike kwenye bolti iliyo safi. Ukiiweka juu ya rangi ya gari utapata sifuri kila mahali na kuanza kulaumu mita. Ncha nyekundu ipenyeze taratibu kwa nyuma ya plagi, pale waya unapoingia. Gusa waya mmoja mmoja. Unaosoma karibu na 12 ndio mtuhumiwa. Rudisha P: lazima ushuke hadi sifuri. Halafu ukiwa bado kwenye P, washa taa ndogo, kanyaga breki, washa indiketa, kimoja baada ya kingine. Ukibaki sifuri kote huko, umeupata. Waya mwekundu wa kamera unaunga hapo. Mweusi nenda nao kwenye bolti ya bodi; katika Toyota nyingi utaona pia waya mweupe wenye mstari mweusi, huo ni hasi.

Sina mita, nina testa ya balbu yenye mkia wa klipu. Inatosha? (Morogoro)

Kwenye taa za nyuma za gari la kawaida inatosha kabisa, na kuna wakati inaishinda mita, maana inavuta umeme kidogo na haidanganywi na volti za mzuka, yaani zile zinazoonekana kwenye mita lakini hazina nguvu ya kuwasha kitu. Ila usitembee nayo gari zima ukichomachoma. Plagi na mifuniko ya nyaya ya rangi ya njano, hasa chini ya viti na kando ya sakafu unapopitisha waya wa picha kutoka kamera hadi redio, ni ya mifuko ya hewa. Hizo usiziguse hata kwa utani.

Kamera inawaka, taa zake ndogo naziona usiku, lakini nikipiga rivasi skrini inabaki kwenye muziki. (Tanga)

Umeipa kamera chakula, redio hujaiambia kitu. Redio haijui kama uko rivasi hadi iletewe volti 12 kwenye waya wake wenyewe. Kwenye Pioneer na Kenwood nyingi ni waya wa zambarau wenye mstari mweupe; kwenye redio za Android tafuta ulioandikwa BACK au REVERSE. Habari njema ni kwamba huhitaji kuvuta waya mwingine. Tazama ule waya mrefu wa picha wenye vichwa vya njano: kila mwisho umechomoza kawaya kembamba kekundu. Ni kamoja hako hako, kametoka nyuma hadi mbele. Kwa nyuma kaunge pamoja na waya mwekundu wa kamera, kwa mbele kaunge na huo wa redio.

Na kwa kuwa uko Tanga: vile vibanio vya plastiki vya kubana waya bila kuumenya, achana navyo. Hewa ya chumvi inaingia, shaba inageuka kijani, na baada ya mvua moja ya masika kamera inaanza kuwaka ikitaka. Lehemu kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa joto.

Gari yangu ni Volkswagen Golf. Nimeunga vizuri kwa taa ya rivasi lakini picha inachezacheza. (Mombasa)

Kwenye magari mengi ya Ulaya ya miaka hii, taa haipewi umeme wa moja kwa moja. Kompyuta ya gari inautuma kwa mapigo ya haraka haraka, na mara nyingine inapima tu kama balbu ni nzima. Jicho halioni, lakini kamera inaona. Mita nayo itakuonyesha namba iliyo chini ya ile ya betri. Nunua rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme, iwe yenye kichujio, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Rilei tupu itagongagonga kama meno ya mwenye homa. Waya wa taa uiamshe rilei tu. Umeme wenyewe wa kamera uutoe kwenye fyuzi inayowaka na ufunguo, uingie kwenye mguu wa rilei wenye namba 30 utoke kwenye 87. Usisahau kwamba kwa Wajerumani hasi ni waya wa kahawia. Ukizoea Toyota, unaweza kuutafuta mweusi mchana kutwa.

Nataka kufunga kwenye Fuso. Kamera imeandikwa DC 12V. (Mbeya)

Usiunge, utaiunguza. Fuso yako ina betri mbili zinazofanya volti 24. Tafuta kamera na skrini zilizoandikwa 12–24V, au weka kipunguza volti katikati. Kuna ujanja wa kuiba umeme kwenye betri moja tu. Waogope wanaokushauri hivyo. Betri moja inadhoofika, nyingine inachajiwa kupita kiasi, na mwisho unanunua zote mbili.

Gari limetoka Japani na kamera yake. Nimebadilisha redio ya Kijapani, kamera haionyeshi. Niipe umeme wa taa ya rivasi? (Arusha)

Simama kwanza! Kamera nyingi za kiwandani za Toyota zinakula volti 6, na zilikuwa zikilishwa na redio ile uliyoitoa. Ukiipa 12 umeiua. Kuna viunganishi vinavyouzwa vyenye kipunguza volti ndani yake. Kama hukipati, funga kamera mpya na ya zamani uiache ipumzike. Redio ya Kijapani usiitupe kabla kazi haijaisha.

Noah yangu, taa za rivasi kwenye mlango wa nyuma hazina umeme kabisa. Fyuzi nzima, balbu nzima. (Dodoma)

Fungua mlango wa nyuma, tazama juu karibu na bawaba: kuna mpira wenye mikunjo kama koromeo la kuku, nyaya zimepita ndani yake. Umekunjwa na kukunjuliwa kila mlango ulipofunguliwa. Uchomoe upande mmoja, usukume nyuma, vuta waya mmoja mmoja kwa vidole. Uliokatika utanyooka kama mpira, ngozi ya nje ikiwa nzima na shaba ya ndani imeachana. Mara nyingi utakuta wawili. Unga kipande kipya kilicho laini na kirefu kidogo, viungo vikae nje ya mikunjo. Kama zote ziko salama, nenda kwenye swichi ya rivasi iliyo kwenye gia boksi.

Picha yangu imegeuka, kushoto iko kulia. (Kigamboni)

Kwenye waya wa kamera kuna vitanzi viwili vidogo. Kimoja kinageuza picha, kingine kinaondoa mistari ya kuegeshea. Soma karatasi iliyokuja nayo ujue kipi ni kipi, zima gari, kata kimoja tu.