Ganuni ya taarabu na kanuni za sheria: je, ni jina moja?

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Katika kikundi chetu cha taarabu hapa Wete pana mabishano yasiyokwisha. Wazee wetu wanasema ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi zinazodonolewa, imeitwa hivyo kwa kuwa ndiyo inayotoa kanuni, na fidla, udi na akodiani hazina budi kuifuata. Vijana wanasema huko ni kubahatisha. Ukweli ni upi, na katika tangazo letu la mafunzo tuandike ganuni au kanuni?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Wazee wenu wamepatia neno, ila historia yake wameianzia mwisho. Jina la ala hiyo na kanuni yenye maana ya utaratibu ni neno moja kwa asili, nalo limetufikia kwa njia ya Kiarabu, qanun, ambacho nacho kililitoa katika Kigiriki, kanon. Kwa Wagiriki wa kale, kanon ilikuwa fimbo iliyonyooka ambayo mwashi au seremala aliitumia kupimia kazi yake. Wataalamu wengi wa lugha hulihusisha neno hilo na kanna, yaani mwanzi, ambalo Wagiriki walilipata katika lugha za Kisemiti, jamaa za Kiarabu; basi Waarabu walipolichukua walikuwa wakimpokea mtoto wa ukoo aliyerudi safari na nguo za ugenini.

Kutoka kwenye kipimo cha seremala, maana ilikwenda njia mbili. Njia ya kwanza ni ya sheria na misingi ya elimu: ndiyo iliyompa tabibu Ibn Sina jina la kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, alichokimaliza mwaka 1025, na ndiyo inayotupa Kanuni za Kudumu za Baraza la Wawakilishi. Njia ya pili ni ya muziki. Wafuasi wa Pythagoras, mwanahisabati wa Kigiriki, waliutandaza uzi mmoja juu ya ubao wenye vipimo, wakawa wanausogeza mhimili chini yake na kusikiliza: nusu ya uzi hutoa sauti ileile kwa kimo cha juu zaidi, na theluthi mbili hutoa sauti ya tano katika ngazi ya muziki. Kifaa hicho cha kupimia sauti wakakiita kanon. Katika karne ya 2, mtaalamu Ptolemy wa Alexandria, huko Misri, alieleza kifaa cha namna hiyo chenye nyuzi nane. Kwa maoni yetu, jina la ganuni limetoka hapa, katika kipimo cha uzi, na si katika amri ya kuwaongoza wapigaji wengine. Visa vinavyodai kuwa mwanafalsafa Al-Farabi ndiye aliyeibuni ala yenyewe hatuvipi uzito.

Hata hivyo, wanachokisema wazee kinaonekana jukwaani. Ganuni ina nyuzi zipatazo 70 hadi 80, nyingi zikiwa zimefungwa tatutatu kwa kila sauti, nazo hudonolewa bila kubanwa kwa kidole, kwa hiyo sauti zake hupangwa kabla ya wimbo kuanza. Mpigaji wa fidla au wa udi huitafuta sauti kwa sikio na kidole, na ni kawaida aegemee kwenye ganuni. Akodiani, kinyume na madai yenu, haimfuati mtu, kwa sababu sauti zake zimewekwa kiwandani. Akodiani ikiwapo, ganuni ndiyo inayokazwa au kulegezwa ilingane nayo.

Hapa kwetu ala hii inafungamana na Misri: inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kuipiga, na kikundi cha Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kikairithi sanaa hiyo. Matamshi ya ganuni, kwa herufi g, yanalingana na yale ya Waarabu wengi wa Bara Arabu, ambao herufi ya Kiarabu qaf huitamka gaf, yaani kwa sauti ya g.

Kuhusu tangazo, miandiko yote miwili inakubalika, ila tunawashauri muandike ganuni. Mkibandika ukutani tangazo la “Mafunzo ya kanuni kila Jumamosi”, watakaokuja ni makarani na wanasiasa, na hakuna hata mmoja atakayeuliza nyuzi ziko wapi.