Asilimia 40 ya Norway ni ya bodi, si ya ofisi ya mkurugenzi mkuu

Wapo wanaodhani kuwa sheria ya Norway ya asilimia 40 ilizitaka kampuni ziwe na wakurugenzi wakuu wanawake. Hapana, haikuwahi kufanya hivyo. Ilipitishwa 2003 ikihusu bodi za wakurugenzi tu, hasa za kampuni ambazo hisa zake zinaweza kuuzwa kwa umma. Kufikia 2008 kila bodi ilitakiwa iwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia, la sivyo kampuni ivunjwe. Bodi zikatii. Lakini kiti cha mkurugenzi mkuu kilibaki kwa wanaume katika kampuni nyingi.

Sababu ni kwamba bodi hujazwa kwa kuteua watu kutoka nje, ilhali mkurugenzi mkuu kwa kawaida hutoka kwa waliosimamia mauzo, fedha au uzalishaji. Nimekaa idara ya rasilimali watu muda mrefu, nami nawaona wanawake wenye uwezo wakisukumwa kwenye utumishi, mawasiliano na sheria. Nafasi ya kuongoza tawi la mkoani ikitokea, mama mwenye mtoto mdogo haulizwi hata kama anaitaka, watu wanamwamulia. Miaka kumi baadaye anaambiwa hana uzoefu wa kuendesha biashara, na hilo linaniuma sana.

Bodi zenyewe zilibadilika kweli, hilo sibishi.